Kutoka Kizota Hadi Nzuguni: Vyakula vya Kwetu Wakati wa Nane Nane

Sisi akina mama tunaokaa Kizota, upande wa magharibi wa mji wa Dodoma kando ya barabara iendayo Singida, tumezoea kuona chakula kikipita kwa malori. Hapa kwetu pana maghala ya akiba ya chakula ya taifa, pana mashine za kusaga, pana viwanda vidogo na vikubwa. Watu wengi wa mikoa mingine huijua Kizota kwa ule ukumbi ambao CCM ilifanyia mikutano yake mikuu, lakini mama anayeamka alfajiri kuwasha jiko huijua kwa vumbi la barabarani na harufu ya pumba. Hata hivyo, ukipita nyumba kwa nyumba saa saba mchana, utakuta karibu kila sufuria ina sembe nyeupe. Uwele na mtama, ambavyo ndivyo vilivyowalea watu wa nchi hii kwa miaka mingi, hatuvioni ila kwenye chakula cha kuku.

Sababu mojawapo ni kwamba Kizota ya sasa ina watu wa kila kabila. Tangu serikali ilipohamia Dodoma kwa nguvu kuanzia mwaka 2016, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, tumepata majirani kutoka Upare, Kagera, Mbeya na Usukumani. Kila mmoja amekuja na chungu chake. Sisi wenyewe katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa tuko kumi na wawili, na Wagogo ni wanne tu.

Kikundi hicho ndicho kilichotupeleka Nzuguni. Tulikuwa na fedha tulizozichanga kwa mwaka mzima, tukataka kuanzisha mradi mmoja wa chakula cha kuuza. Wengine walitaka zabibu, kwa kuwa Dodoma ni zabibu. Wengine walitaka unga wa lishe. Mmoja alisema ubuyu, maana hauozi. Tulibishana vikao vitatu bila kuelewana, na si jambo la mzaha, kwa sababu ndani ya fedha hizo mlikuwa na akiba ya ada za shule za Januari za baadhi yetu. Mweka hazina wetu, ambaye ni mjane mwenye watoto wanne, alisema wazi kwamba fungu lake likipotea hana mahali pa kuokota jingine. Basi tukakubaliana twende kwenye maonyesho ya Nane Nane, tuone, tuonje, tuulize, ndipo tuamue.

Ndugu msomaji, huenda wewe ni kijana usiyekumbuka kwamba zamani siku ya wakulima ilikuwa Saba Saba, tarehe 7 Julai, siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954. Katika miaka ya 1990 wakulima walihamishiwa tarehe 8 Agosti, na Saba Saba ikabaki na mambo ya biashara. Tangu hapo kila kanda ina viwanja vyake. Kanda ya kati, yaani Dodoma na Singida, hukutana Nzuguni, mashariki ya mji, njia ya kwenda Morogoro. Mwaka 2024 na mwaka 2025 sherehe za kitaifa zilifanyika hapo hapo, kwa hiyo viwanja vilijaa kuliko tulivyozoea. Maonyesho huanza tarehe 1 Agosti. Tunawashauri akina mama waende siku za mwanzo, kwa maana siku ya kilele ni ya viongozi na msongamano, na huwezi kumuuliza mtu swali la maana huku umesukumwa mgongoni.

Kutoka Kizota tulipanda daladala hadi mjini, tukabadili gari la pili la Nzuguni. Asubuhi ya Agosti hapa Dodoma ni baridi na upepo unapuliza vumbi jekundu. Chukua khanga ya ziada na maji ya kunywa. Viatu virefu acha nyumbani.

Hatutaeleza habari za matrekta wala za mabanda ya wizara, ingawa yalikuwa mengi na yenye mazulia. Sisi tulikwenda moja kwa moja kwenye vyakula.

Mabanda ya Singida yalitupokea kwa asali ya Manyoni na Itigi, mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji, ambao sifa yao inafika hadi Dar es Salaam. Watu wa Bahi walileta mchele. Samaki wa bwawa la Mtera walikuwapo, wamekaushwa vizuri. Lakini penye watu wengi zaidi palikuwa kwenye kibanda kimoja cha nyasi, ambapo bibi mmoja wa Mvumi alikuwa anapika juu ya mafiga matatu. Tulimsalimu kwa Kigogo, Mbukwenyi, kwa kuwa alikuwa na wenzake, na yeye akacheka aliposikia jinsi Mpare wetu anavyotamka. Akatukaribisha kukaa kwenye vigoda.

Alikuwa anapika ugali wa uwele na mlenda. Sasa hapa tungependa kukaa kidogo, kwa sababu mlenda unadharauliwa na wasioujua. Si mboga moja. Ni jina la jumla la majani mengi ya porini na ya shambani yenye utelezi, ambayo akina mama huyachuma wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, wakayakausha na kuyatwanga kuwa unga. Unga huo hukaa hadi mvua nyingine. Katika nchi inayopata mvua ya msimu mmoja tu kwa mwaka, na wakati mwingine haba, mama aliyejaza chungu chake kwa unga wa mlenda amejaza mboga ya miezi saba. Bibi alituonyesha: maji yachemke, magadi kidogo sana, unga wa mlenda unyunyizwe huku unakoroga ili usifanye madonge, halafu karanga zilizosagwa, chumvi mwisho. Dakika chache tu, basi. Alisisitiza kwamba majani yakaushwe kivulini, si juani. Yeye alisema ni kwa ajili ya rangi na ladha. Bwana shamba aliyekuwa karibu akaongeza kwamba jua kali huharibu vitamini A. Wote wawili walikuwa sahihi.

Tulionja. Ugali wa uwele una rangi ya kijivu na harufu kama ya njugu. Watatu kati yetu hawakuwahi kuula. Mmoja aliweka tonge kinywani kwa adabu tu, lakini baadaye tulimwona anarudisha sahani aongezwe.

Tukamwuliza bibi swali lililotuleta: mbona chakula hiki kinatoweka? Hatukutegemea jibu lake. Alisema ni ndege. Kwelea kwelea huja kwa makundi makubwa wakati uwele na mtama vinapotoa punje, na shamba lisilolindwa kutwa nzima laweza kuisha kwa siku chache. Wanaolinda ni akina mama na watoto, tangu kabla jua halijachomoza, wakipiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo. Siku hizi watoto wako shuleni, kama ipasavyo. Mahindi yamefunikwa kwa maganda yake, ndege hawayawezi. Kwa hiyo mama mwenye mikono miwili tu anapanda mahindi, ingawa anajua kwamba mvua ikikatika Februari mahindi yatakauka na uwele ungevumilia. Sisi wa mjini husema watu wameacha vyakula vya asili kwa sababu ya kupenda usasa. Tungepunguza maneno kama tungewahi kulinda shamba hata wiki moja.

Bibi huyo alisimuliwa na bibi yake habari za Mtunya, njaa kubwa ya Ugogo ya miaka ya 1918 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka wakati wa vita, kisha mvua ikakosekana, na maelfu ya watu wakafa. Waliopona, alisema, walipona kwa ubuyu na majani. Alisema hivyo huku akikoroga chungu, bila huzuni ya kujionyesha. Pembeni yake palikuwa na kikapu cha ubuyu mweupe usiotiwa rangi wala sukari, chachu yake ikiwa ya asili, na tulinunua kilo mbili.

Karibu na hapo palikuwa na meza ya watu wa afya wakifundisha juu ya sumukuvu. Meza haikuwa na watu wengi, kwa kuwa hapakuwa na cha kuonja. Tunaomba msomaji asiipite meza ya namna hiyo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ulizuka ugonjwa ambao haukujulikana mara moja: watu walivimba matumbo, macho yakawa ya manjano, na wapatao 20 walifariki, watoto wakiwamo. Ikagundulika kwamba chanzo ni mahindi yaliyoingiwa na ukungu wenye sumu. Yalikuwa mahindi ya nyumbani kwao, yaliyolimwa kwa jasho lao. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haina harufu ya kuaminika, na kuchemsha hakuiondoi. Hupenda zaidi mahindi na karanga. Uwele na mtama navyo si salama vikihifadhiwa vibaya, ila kwa kawaida huathirika kidogo kuliko mahindi.

Tuliuliza mengi hapo, kwa sababu anayeuza unga wa watoto hubeba roho za watu. Tulielezwa kwamba nafaka ianikwe juu ya turubai au kichanja, kamwe isianikwe juu ya udongo. Ikauke hadi punje ivunjike kwa sauti ukiiuma. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitolewe, wala wasipewe kuku, maana sumu hurudi kupitia mayai na maini. Karanga mbovu zisisagwe ili kuficha ubovu wake. Hapa tulitazamana, kwa sababu sote tunajua sokoni karanga zilizosinyaa ndizo za bei nafuu, na ndizo zinazokwenda kwenye mashine. Gunia la kawaida si zuri. Iko mifuko maalum yenye tabaka la nailoni ndani isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa bila dawa.

Mpishi mmoja wa kikundi chetu aliwahi kusoma juu ya nchi ya Hungaria, huko Ulaya, ambako watu wa mji wa Baja, kando ya mto Danube, hukutana kila mwezi wa Julai na kupika supu ya samaki kwa masufuria ya kuning'iniza juu ya moto, barabarani na uwanjani, maelfu ya watu pamoja, kila ukoo na chungu chake. Akasema pia kwamba katika wilaya yao ya Tokaj wanasubiri zabibu ziingiwe na aina fulani ya ukungu ndipo watengeneze mvinyo mtamu unaosifika duniani. Ukungu wa karanga zetu hauna wema huo! Lakini lile la kwanza lilitupendeza. Kwetu maonyesho ni mabanda ya kutazama. Wachache wanapika, wengi wanapita. Tungependa siku moja mitaa yote ya Dodoma ishindane kupika mlenda hadharani.

Zabibu tuliziacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu tulijua zitatugawa.

Mizabibu ya Dodoma ina habari ndefu. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana waliipanda katika miaka ya 1950, na divai ya altare ilikuwa mojawapo ya haja zao. Baadaye serikali iliendeleza kilimo hicho, kiwanda cha DOWICO kikajengwa, na kituo cha utafiti cha Makutupora kikaanza kutafuta aina zinazofaa; zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora imepata jina hapo. DOWICO ilipozorota wakulima wengi waling'oa mizabibu yao kwa uchungu. Sasa vimekuja viwanda vingine, kile cha Hombolo kikiwamo, na mashamba makubwa ya pamoja kama Chinangali, wilayani Chamwino. Jambo la ajabu ni kwamba Ulaya mzabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, lakini Dodoma, kwa kupogolewa mara mbili, huvunwa Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Ndiyo sababu meza za Nane Nane hujaa zabibu mbichi.

Tulikuta zabibu kwenye sahani, zabibu kavu, jemu, juisi, siki na chupa za mvinyo. Kijana mmoja alimmiminia katibu wetu kikombe kidogo cha mvinyo ili aonje, naye akakiangalia kama mtu aliyepewa barua ya mahakama. Hatukugombana, lakini tulizungumza kwa kirefu chini ya mti. Baadhi yetu walisema divai ni ya meza ya Bwana na kwamba harusi ya Kana yenyewe ilikuwa nayo. Wengine, ambao wamelelewa katika nyumba zilizoharibiwa na pombe, walisema hawatauza kitu ambacho hawataki kukiona mkononi mwa mume wao Ijumaa usiku. Mama mmoja Mgogo akakumbusha kwamba hata wujimbi, pombe ya mtama, haikuwa ya kunywewa na kila mtu kila siku; ilikuwa ya kazi ya ushirika, ya ndoa na ya matambiko, na mama aliyeipika ndiye aliyejua imekwenda kwa nani. Kinachouzwa leo kwenye vilabu kutwa nzima kimebaki na jina tu.

Hata hivyo kilichoamua si pombe. Tulimwuliza mkulima wa zabibu, mama wa makamo, atuambie ukweli wa hesabu. Akasema zabibu ikiiva haimsubiri mtu. Kiwanda kikichelewa kununua, au kikiwa kimeshajaza matangi yake, mkulima anabaki na mzigo unaooza ndani ya siku chache, na hapo mnunuzi yeyote ndiye anayepanga bei. Ndiyo sababu wakulima wadogo wameanza kukamua wenyewe na kuuza kile wanachokiita mchuzi wa zabibu. Lakini mchuzi unahitaji matangi, usafi wa hali ya juu na soko lililo tayari. Tukamwuliza juu ya zabibu kavu. Akatwambia nyingi ya zabibu zetu ni za mvinyo na zina kokwa, hivyo anayetaka kuzikausha aanze kwa kuchagua aina. Tulimshukuru sana. Si kila muuzaji angemweleza mteja shida zake namna hiyo.

Tulipokuwa tunaondoka ngoma za muheme zilianza. Kwa Wagogo muheme ni ngoma ya akina mama. Wao ndio wapigaji, ngoma imebanwa kati ya mapaja, na sauti za waimbaji zinapishana kwa tabaka hadi usijue nani ameanza. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizifikisha zeze na marimba za Wagogo hadi Ulaya. Tulisimama hapo nusu saa, tukakosa gari la kwanza.

Jumamosi iliyofuata tulikaa kikao, na safari hii kilikwisha kwa muda wa saa moja. Tuliamua kuanza na unga wa uwele wenye kimea. Kimea si kitu kigeni. Bibi zetu walikitumia kwa togwa na kwa pombe, na Taasisi ya Chakula na Lishe imekuwa ikikifundisha tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya uji wa watoto. Uji mzito wa kawaida humshibisha mtoto kabla hajapata chakula cha kutosha, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Ukitia kijiko kimoja cha unga wa kimea katika uji mzito uliopoa kiasi, unalainika mbele ya macho yako bila kuongezwa maji, na mtoto anakunywa chakula zaidi katika kikombe kile kile. Jambo hili si dogo. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Kwa mama anayetaka kujaribu nyumbani: chagua mtama au uwele safi, uoshe, uloweke usiku mmoja. Uchuje, uufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu hadi uote. Uanike juani kwenye chekecheke safi hadi ukauke kabisa. Kisha usugue kwa mikono na kupepeta mpaka mizizi na machipukizi yote yatoke. Usiache hatua hii, hasa kwa mtama, kwa sababu machipukizi yake yana sumu. Ndipo usage. Baada ya kutia kimea, chemsha uji tena kidogo kabla ya kumpa mtoto.

Tulinunua magunia matatu ya uwele kutoka kwa akina mama wa Mvumi tuliojuana nao Nzuguni, kwa bei tuliyopatana bila dalali, na mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa. Mweka hazina aliweka kando theluthi moja ya fedha zote, akaandika kwenye daftari kwamba hiyo haiguswi kabla ya Januari. Mmoja wetu amekwenda SIDO kuomba barua ya utambulisho, ambayo TBS huitumia kumhudumia mjasiriamali mdogo katika kupata alama ya ubora. Mpaka alama hiyo ipatikane tunasaga kwa ajili ya nyumba zetu wenyewe na kuona kama unga unakaa bila kuharibika. Wawili waliopenda zabibu hawakukata tamaa: Februari, msimu mwingine ukifika, watakwenda Hombolo kwa nauli zao.